Chapati za watoto, saa 4 usiku

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 36, naishi Mwanga hapa Kigoma na nauza dagaa wakavu sokoni. Naamka saa 10 alfajiri kuwahi dagaa wabichi mwalo wa Kibirizi, kulala kwangu ni saa 5 usiku. Mchana sina shida na chakula: saa 3 chai na andazi, saa 9 nakula ugali kidogo hapo hapo kwenye meza ya biashara. Shida ni usiku. Mume wangu ni mvuvi. Akishaingia ziwani na watoto wakalala, nabaki na simu yangu na naanza kudokoa. Chapati nilizowapikia watoto za asubuhi, karanga, ukoko, hata sukari tupu nailamba. Huu ni mwezi wa tatu nimeacha chakula cha usiku ili nipungue, lakini ndiyo kwanza nadokoa zaidi. Cha ajabu, siku za mbalamwezi mume akiwa nyumbani hali inapungua, na mwaka 2024 ziwa lilipofungwa miezi mitatu nilipungua mwili bila kujaribu. Jirani anasema nina minyoo, dada yangu anasema ni uroho tu. Sukari nilipima zahanati wakasema iko sawa. Je, kuna dawa ya kukata hamu?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kwanza unipunguzie huo udokta. Mimi ni mtu wa lishe, kazi yangu ni sahani na sufuria, sindano sijawahi kumchoma mtu. Maelezo yako nimeyasoma mara mbili, na mara ya pili nikaweka kidole kwenye sentensi ambayo nadhani wewe uliiandika kwa kupitia tu: siku za mbalamwezi hali inapungua. Minyoo haijui mwezi mpevu. Uroho nao haujui. Mroho ni mroho hata mume akiwa sebuleni.

Minyoo tuimalize haraka. Kama mwaka umepita hujameza dawa na huna ujauzito, nenda zahanati umeze, ni jambo jema kwa yeyote anayeishi huku kwetu. Ila usitegemee itakuondolea hamu ya chapati. Minyoo ikizidi sana tumboni mara nyingi humkosesha mtu hata hiyo hamu ya kula. Na dawa ya kukata hamu ndiyo kabisa usiitafute. Nyingi ya chai za kupunguza mwili zinazouzwa kwenye simu zina majani ya kuharisha. Kinachopungua ni maji na choo, mafuta yanabaki palepale yanakusubiri.

Sasa turudi kwenye mbalamwezi. Kwa wasomaji walio mbali na Ziwa Tanganyika: dagaa wetu huvuliwa gizani, kwa taa. Mwanga wa taa ndio unaowakusanya. Mwezi ukijaa taa inakosa nguvu, dagaa wanatawanyika, na vyombo vinapumzika siku kadhaa. Mtu wa haraka angesema basi ni upweke, mume akirudi hamu inaondoka. Upweke umo, nitaurudia. Lakini hesabu vizuri. Vyombo visipoingia majini, mwaloni hakuna dagaa wabichi, kwa hiyo huna cha kukuamsha saa 10. Unalala mpaka kunakucha. Mume akiwepo, chakula cha usiku kinapikwa sawasawa na wewe unakaa nacho mkekani, maana huwezi kumwandalia mtu ukamtazama akila kama askari wa zamu. Na simu unaiweka chini. Usingizi, mlo, mtu wa kuongea naye, na simu: vinne vimebadilika kwa mpigo mmoja, halafu sifa zote anapewa mwezi.

Nilijiuliza jambo moja zaidi ambalo hukuliandika. Mwezi mpevu hurudi kila baada ya siku 29 na nusu hivi, na hedhi ya wanawake wengi nayo inazunguka humo humo. Wengi wetu hamu ya kula hupanda siku chache kabla ya hedhi, ikaisha damu ikianza. Ingewezekana miezi miwili mitatu vitu hivyo viwili vikaenda pamoja, wewe ukadhani ni mbalamwezi kumbe ni kalenda yako mwenyewe. Lakini ziwa lilifungwa tangu 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Ni miezi mitatu mizima, hedhi ilikuja na kwenda kama kawaida, na bado ulipungua mwili bila kujaribu. Kwa hiyo hedhi inaweza kuwa inachochea, lakini siyo iliyowasha moto.

Kabla sijasema cha kufanya, nataka uache kujiita jina baya. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichapisha kazi waliyoifanya kwa watu 12 wenye afya, waliofungiwa karibu wiki mbili kwenye mwanga hafifu, siku yao ikafanywa fupi kuliko siku ya kawaida, ili kuona mwili wenyewe unataka nini bila kusukumwa na jua wala na saa za kula. Waligundua kuwa njaa ina saa yake ya ndani. Inashuka chini kabisa kama saa 2 asubuhi, inapanda kileleni kama saa 2 usiku, na inapopanda inavutwa zaidi na vitamu, vya wanga na vya chumvi. Yaani saa 2 na saa 2. Ndiyo maana asubuhi unaweza kupita mbele ya mama maandazi bila kugeuza shingo, na usiku ule ule ukoko uliouacha mchana unaonekana keki. Mwili wa binadamu umetengenezwa hivyo, wa mroho na wa mcha Mungu.

Na sisi wa Kigoma tuna jambo letu. Saa ya ukutani ni moja kwa Tanzania nzima, lakini jua halifuati ukuta. Kwetu linazama nyuma ya milima ya Kongo kama saa 1 jioni, dakika 40 hivi baada ya Dar es Salaam. Saa ya ndani ya mwili hujipanga kwa mwanga. Kwa hiyo huo mlima wa njaa nadhani kwetu unakuja umechelewa kidogo, saa 3 inakukuta nao bado uko juu, na hapo watoto ndio kwanza wamelala.

Hapa nikiri kosa langu. Miaka ya mwanzo ya kazi nilikuwa nawaambia akina mama kliniki: baada ya saa 12 jioni mdomo ufungwe. Maneno hayo niliyachukua kwenye karatasi iliyoandikwa mbali huko, sikufikiri. Saa 12 ya Kigoma jua bado linaunguza mabati! Walitikisa vichwa, wakashukuru, wakaenda nyumbani wakala. Mwezi uliofuata walirudi na kilo zile zile na aibu juu yake. Mama mmoja mtu mzima akaniuliza mbele ya wenzake, "Mwanangu, na wewe unafunga?" Nilikuwa na kashata mbili kwenye mkoba. Tangu siku hiyo sijamwambia mtu afunge mdomo kwa saa ya ukutani.

Sasa tuhesabu siku yako kama unavyohesabu sado. Saa 10 uko juu. Unapanda boda, unashuka Kibirizi, unagombea ndoo, unabeba, unaanika. Saa 3, baada ya kazi ya karibu masaa 5, mwili unapewa chai ya rangi na andazi: ngano, sukari na mafuta, kitu kinachopanda haraka na kushuka haraka. Saa 9 ugali kidogo, mkono mmoja unakula na mwingine unapimia mteja. Saa 2 usiku hakuna kitu kwa sababu unataka kupungua. Halafu saa 4 mwili unakuja kudai, na wewe unamwita mwizi. Huyo ni mdai, mdogo wangu. Deni ni la tangu alfajiri, na ulilikopa mwenyewe.

Kujinyima chakula cha usiku ndiko kulikoongeza kudokoa, na hili halihusu wanawake wala wavivu. Vita Kuu ya Pili ilipokuwa inaelekea ukingoni, mwaka 1944 na 1945, mtafiti Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwachukua vijana 36 wa kiume, wenye afya na waliojitolea wenyewe, akawapunguzia chakula hadi karibu nusu ya walichozoea kwa miezi sita. Walikonda, hilo lilitarajiwa. La ajabu ni jinsi chakula kilivyowaingia kichwani. Wakawa wanasoma vitabu vya mapishi, wanaota chakula, wanalamba sahani, na walipofunguliwa baadhi yao walikula wiki kwa wiki bila kuhisi wameshiba. Walikuwa vijana wa kawaida tu kabla ya hapo.

Juu ya deni la chakula kuna deni la usingizi. Saa 5 usiku mpaka saa 10 alfajiri ni masaa 5. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwalaza vijana 12 masaa 4 tu kwa usiku mbili, kisha wakati mwingine wakawapa masaa 10 kwa usiku mbili. Walipolala kidogo, homoni inayouambia ubongo "tumeshiba", leptini, ilishuka kwa asilimia 18. Ile inayosema "leta chakula", ghrelini, ikapanda kwa asilimia 28. Njaa yenyewe ikaongezeka kwa asilimia 24, na walichokitamani zaidi ni vya wanga na vya sukari. Hao walikuwa usiku mbili tu. Wewe una miaka mingapi na Kibirizi?

Deni la tatu ni mazoea. Uliza mtu yeyote wa Ujiji aliyefunga Ramadhani: siku za mwanzo, saa 7 mchana tumbo linapiga kelele kama kengele ya shule, ikifika wiki ya tatu limenyamaza, kelele imehamia magharibi, na hata daku linamwamsha mtu mwenyewe kabla hajagongewa. Tumbo linajifunza ratiba. Ukililisha saa 4 usiku kila siku, saa 4 litakuwa mlangoni hata kama jioni ulikula ukashiba. Ubaya wake ndio huo, na uzuri wake ni kwamba linajifunza upya. Jipe wiki mbili tatu kabla ya kuhukumu chochote nitakachokuambia hapa chini.

Kuhusu zile chapati, nakuona kabisa. Unafungua hotpoti polepole ili kifuniko kisilie. Joto linakupiga usoni. Unanyofoa ukingo wa chapati ya juu, ule uliokauka kidogo na kuchukua rangi. Sasa chapati ina pengo. Pengo linasumbua macho, basi unasawazisha upande wa pili. Sasa imekuwa ndogo kuliko wenzake, mtoto ataiona asubuhi na kuuliza, afadhali imalizwe isionekane kabisa. Umekula chapati nzima, umesimama, gizani, bila hata chai, na ukiulizwa usiku ulikula nini utajibu: sikula, nilidokoa. Chapati moja ya kwetu iliyokaangwa vizuri ina kalori 250 hadi 300. Mbili za kudokoa na kiganja cha karanga vimefika sahani ya wali maharage uliyojinyima saa 2, ila sahani ingekushibisha, na hizi zimekuachia aibu tu.

Kwa hiyo hatutaanza na usiku. Tuanze saa 3 asubuhi, pale pale kwenye chai yako.

Na hapa nikucheke kidogo kwa upendo. Wewe unauza dagaa wa Kigoma, kitu ambacho watu wa Dar wanakilipia bei ya nyama, na kikiwa kikavu zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Wewe mwenyewe unakunywa chai na andazi! Protini ndiyo inayokaa tumboni muda mrefu. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2013 kwa wasichana 20 waliozoea kuruka kifungua kinywa. Walipopewa cha asubuhi chenye gramu 35 za protini, hamu yao ya kutafuna-tafuna vitu vya mafuta usiku ilipungua. Zingatia: walilishwa asubuhi, matokeo yakaonekana usiku. Kwako sihitaji mahesabu ya gramu. Mihogo ya kuchemsha na kiganja cha dagaa wa kukaanga, au mayai mawili na kipande cha kiazi, au maharage yaliyobaki jana na chapati. Andazi si haramu, lakini lisiwe peke yake. Na kama chai, basi ya maziwa, sukari ipunguzwe kidogo kidogo mpaka ulimi uzoee.

Mchana hamisha chakula kutoka saa 9 kiwe saa 7, na ukae. Najua soko. Mwombe jirani wa meza akutazamie dakika 20, kesho utamtazamia yeye. Ugali wako ukiwa wa muhogo, jua kwamba unga huo una protini kidogo mno, gramu moja au mbili kwa kila gramu 100, wakati wa mahindi una kama gramu 8. Wazee wetu hawakuwa wajinga kuula na dagaa, maharage na sombe, yaani kisamvu. Tatizo ni sisi wa siku hizi tunaoumegea kwenye mchuzi. Mboga iwe nyingi, na mawese yapimwe kwa kijiko, maana kijiko kikubwa kimoja kina kalori kama 120 na mkono wa mpishi wa Kigoma ukishika chupa ya mawese huwa haujui kusimama.

Ukirudi nyumbani, kabla ya kuanza kupika, lala nusu saa kama watoto wanaruhusu. Nusu saa tu, ikizidi itakunyima usingizi wa usiku.

Chakula cha usiku ukirudishe leo. Kile na watoto saa 1 na nusu au saa 2, huo mlima wa njaa ukiwa unapanda, usiusubiri ufike kileleni ukiwa mtupu. Jipakulie sahani yako kabla hujawapakulia wao, kwa sababu nawajua akina mama: akishagawa, anabaki na sufuria, anakula ukoko na kusema ameshiba. Samaki au maharage, mboga ya majani, ugali au ndizi wa ukubwa wa ngumi yako, na tunda. Kwa anayetaka kupungua, mahali pa kupunguza ni ukubwa wa lile fungu la ugali na yale mafuta. Mlo wenyewe uache.

Saa 3 na kuendelea ndiyo saa yenyewe. Hapa watu wanataka uchawi, na mimi nina mambo ya kawaida tu. Lala mapema, hamu haimkuti aliyelala. Mtu wa kuamka saa 10 alfajiri anapaswa kuwa kitandani saa 3 na nusu. Hizo saa moja na nusu unazokaa na simu ndizo unazodokoa, na ukiniambia ndani ya simu unaangalia mapishi ya pilau, nitacheka tena. Hotpoti ikae chumbani kwa watoto. Wengine huona hili ni la kitoto, lakini kitu kilicho mbali na mkono kinadokolewa mara chache zaidi, na hakuna mama anayependa kuwasha taa na kuamsha watoto kwa ajili ya kipande cha chapati.

Kama bado unahisi unahitaji kitu, basi kiwe kitu ulichokipanga mchana, chenye mwanzo na mwisho: kikombe cha mtindi, kipande cha papai au nanasi, au karanga kiganja kimoja zilizotolewa kwenye kopo na kopo likafungwa. Kiweke kwenye kisahani. Kaa. Kile. Huko ni kula, na kula kuna mwisho.

Hamu ikikukamata nje ya hapo, kumbuka ina tabia ya wimbi. Mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Alan Marlatt, aliyewahudumia watu wa pombe na sigara, aliwafundisha hivyo: usipigane nayo, itazame inavyopanda, inavyofika juu, inavyoshuka. Mara nyingi ni robo saa hadi nusu saa. Mumeo anakijua hiki kuliko mimi na Marlatt. Chombo hakigeuziwi wimbi ubavu, kinaelekezewa omo, yaani sehemu yake ya mbele, kikapanda na kushuka nalo. Kinachosaidia wakati wimbi linapita ni kazi inayoshika macho na mikono kwa pamoja, kwa sababu hamu huishi kwenye picha za kichwani. Unaiona chapati kabla hujaitamani. Suka ukili, mshone mtoto kifungo, msuke binti yako kama bado macho. Kupiga mswaki mapema nako kunasaidia wengi, sijui kama ni dawa ya meno au ni uvivu wa kupiga mara ya pili.

Sasa upweke, kama nilivyoahidi. Hukuandika kwamba unaogopa, lakini mke wa mvuvi anayesikia upepo ukivuma usiku na mtu wake yuko majini, simwamini akiniambia anakula kwa sababu ya njaa tu. Kutafuna kunatuliza. Ndiyo maana misibani tunakula. Siwezi kukupa dawa ya upepo. Ninachoweza kukuambia ni kwamba usiku unapojikuta jikoni, simama mlangoni ujiulize swali moja kwa sauti: hii ni njaa au ni wasiwasi? Njaa inakubali chochote, hata muhogo wa baridi. Uchu unataka chapati tu. Ukikataa muhogo, basi tumbo halijasema kitu. Mpigie mama yako, au mke wa mvuvi mwenzio ambaye naye bila shaka amekaa na kopo lake la karanga huko Katonga. Wawili mkiongea, mikono inasahau.

Kuna hali ambazo maneno yangu yote hapo juu si yake, na msomaji mwingine azisikie. Anayeamka katikati ya usingizi mara mbili au zaidi kwa wiki kwenda kula, na asubuhi anakumbuka alikula, huenda ana tatizo la ulaji wa usiku lililoelezwa na daktari Albert Stunkard mwaka 1955, na linatibika hospitali. Anayekula kingi kwa haraka, akishindwa kabisa kusimama, halafu akijitapisha, naye aende. Anayetumia insulini au vidonge vya sukari kama glibenklamaidi akiamka anatetemeka na kutoka jasho, hiyo ni sukari imeshuka, anywe chai ya sukari au soda sasa hivi, kesho aonane na mtabibu wake kuhusu dozi. Maumivu ya tumbo la juu yanayotulia ukila yanaweza kuwa vidonda. Aliyeanza sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, au vidonge vya prednisoloni, akaona hamu imepanda, asiache dawa kimyakimya, aulize. Na mwenye hamu ya udongo, zile pemba zinazouzwa sokoni, apimwe damu, mara nyingi madini ya chuma yamepungua.

Wewe sukari yako umesema iko sawa. Safari nyingine uliza namba, usiambiwe tu "sawa". Asubuhi kabla ya kula, kwa kipimo cha mmol/L, chini ya 6.1 ni nzuri, 7.0 au zaidi, ikirudiwa siku nyingine ikawa hivyo hivyo, ni kisukari.

Tafuta daftari dogo, lile unaloandikia madeni ya wateja litafaa, ukurasa wa nyuma. Kila siku andika vitu vitatu tu: ulilala saa ngapi, ulikula nini kabla ya saa 4 asubuhi, na usiku ulidokoa au la. Usiandike kilo. Weka alama siku za mbalamwezi na siku za hedhi. Mwezi ujao ukijaa, niandikie tena ulichokiona. Ninachokitafuta ni usiku wa giza totoro, mume akiwa ziwani, ambao hukudokoa, halafu tutazame mchana wake ulikuwaje.

Na leo jioni ukikaa kusukuma chapati za watoto, ongeza donge moja. Hiyo ni yako. Ikiiva ifunge peke yake, itie kwenye mkoba wa sokoni, na kesho saa 3 asubuhi uile umekaa, na dagaa wako mwenyewe.